Chai ya semina: barua ya wazi kwa wanaoshika mfuko wa Amu

Waheshimiwa: Gavana, mawaziri wa kaunti, wawakilishi wa wadi, wabunge na seneta wetu, nanyi mlioko Hazina kule Nairobi.

Assalaamu alaykum.

Mimi ni mpishi wa Langoni, mtaa wa mji wa Amu, yaani Lamu. Alfajiri huwa barazani na karai langu, mahamri kumi kumi na mbaazi za nazi kwa bakuli. Ikifika saa mbili na nusu nimemaliza, nahesabu pesa zangu, naosha vyombo. Hiyo ni kazi yangu ya kwanza. Ya pili ni kupikia semina, na ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Semina ninayoisemea ilikuwa ya siku tatu. Watu 65, chai ya saa nne, chakula cha mchana na chai ya alasiri, shilingi 1,100 kwa kichwa kwa siku. Fanyeni hesabu mtapata 214,500. Nilipewa LPO, hati ya serikali ya kuagizia, yenye mhuri na sahihi mbili, nikaiweka ndani ya msahafu isikunjike. Mada, na wallahi hili sikulitunga, ilikuwa namna wafanyabiashara wadogo watakavyopata mitaji. Nilisimama mlangoni na chupa za chai nikimsikiliza mtoa mada akituhimiza tuwe na akiba ya kuendeshea biashara. Akiba yangu yote ilikuwa pale nyuma yake, imefunikwa kwa kawa, imeshakuwa pilau ya nyama na samaki wa kupaka.

Nililipwa baada ya miezi 14. Ofisi yenyewe siitaji. Wameshanilipa na barua hii si ya kudai. Lakini kwenye ripoti zenu miezi ile 14 ni mstari mmoja tu wa madeni yaliyolimbikizwa, nami nataka mwone ilivyokuwa huku chini.

Nina daftari la mistari, la watoto wa shule, ambalo huandika ninaowadai na wanaonidai. Ukurasa wa semina ile una majina saba. Kuna mwenye duka la jumla aliyenipa mchele, sukari na mafuta. Kuna muuza nyama. Kuna nahodha aliyeniletea samaki, changu na tewa, siku zote tatu kabla jua halijapanda. Kuna wasichana watatu wa kukata vitunguu na kuosha sahani. Na kuna mzee wa nazi, ambaye huja na punda wake na huhesabu nazi kwa kuzigonga moja moja, iliyooza huijua kwa sauti.

Mwenye duka alivumilia miezi minne, kisha akanifungia mkopo, na ni haki yake. Nahodha alikuja mara mbili. Mara ya tatu akamtuma mkewe, na mtu wa Amu anajua uzito wa mume kumtuma mke kudai. Wasichana niliwalipa kwanza, kutoka mfukoni, maana hao hawana pa kungojea. Mzee wa nazi hakuja kabisa. Kila nikimkuta njiani alikuwa akiinamisha kichwa, kana kwamba yeye ndiye mdaiwa. Mwezi wa tano nilivua bangili mbili za harusi yangu nikaziuza. Baki nikalipa kidogo kidogo kwa mahamri.

Hapo nawaomba msome polepole. Serikali yenye bajeti ya mabilioni ilikula kwa mkopo, na mkopo ule uliendeshwa na mahamri ya shilingi kumi. Serikali ilikopa kwangu. Mimi nikakopa kwa mzee wa nazi. Mzee wa nazi hana wa kumkopa, akapunguza chakula chake. Hakuna aliyetia sahihi mkataba wa mkopo huo, hauna faida juu yake, wala hauonekani popote kwenye deni la taifa mnalolizungumza kwenye televisheni.

Nilikwenda kuulizia mara 23. Nilihesabu kwa sababu kila safari nilifunga meza yangu ya asubuhi. Nimeambiwa faili haijashuka. Nimeambiwa sistimu iko chini. Nimeambiwa anayetia sahihi yuko Mombasa, kwenye semina. (Nikajiuliza kule nani kawapikia.) Mara nyingi zaidi niliambiwa pesa hazijatoka Nairobi, na kwa hilo sidhani walikuwa wakinidanganya.

Maana Nairobi ndiko kwenye kisima chetu. Sisi watu wa Amu tuna wimbo wa kwamba tumesahauliwa, na kwa miaka mingi ulikuwa wimbo wa kweli. Lakini tangu ugatuzi uingie hesabu zimebadilika, na haifai tuendelee kuimba bila kuzitazama. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 370. Fungu letu lilikuwa bilioni 3.1, dogo kuliko la kaunti yoyote. Hapo ndipo viongozi wetu husimama. Basi endeleeni na hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu Lamu watu 143,920. Gawanyeni, kila kichwa kinapata kama shilingi 21,500. Kwa Kenya nzima, bilioni 370 kwa watu milioni 47.5 ni kama 7,800 tu kwa kichwa. Mtoto wa Amu anapelekewa karibu mara tatu ya mtoto wa wastani wa Kenya, kwa kuwa fomula ina fungu linalogawanywa sawasawa, kaunti kubwa kwa ndogo.

Sisemi ni nyingi mno. Kupeleka dawa Kiunga au kufikisha mwalimu Kizingitini ni boti, ni petroli, ni mawimbi ya kusi. Hakulingani na kupeleka Kiambu kwa barabara ya lami. Nasema tu kwamba swali letu la leo si kwa nini hatupewi, ni kwa nini tunachopewa hakizai. Tunachokusanya wenyewe, leseni za biashara, ushuru wa mazao, kodi za ardhi, ada za hospitali, ni kidogo mno ukikiweka kando ya mgao. Mji mzima umekinga kopo chini ya bomba moja, na mwenye koki haishi hapa.

Koki ikigeuzwa kidogo tunaisikia sote. Juni 2024 vijana waliandamana Nairobi na kwingineko, Mswada wa Fedha ukaondolewa, na mgao wa kaunti zote uliokuwa uwe bilioni 400 ukashushwa hadi 387. Siwalaumu vijana, walikuwa na haki yao, na wengine walikufa kwa ajili yake. Naeleza tu jinsi tulivyofungwa kamba: bunge linapiga kura kule bara, na huku Langoni mwanamke anapunguza mayai anayonunua.

Nanyi mnajua tulifikaje hapa, lakini niliandike, maana vijana hawakumbuki. Amu haikuwa hivi. Nilipoolewa, mpishi aliishi kwa wageni: Wazungu wa majahazi, watu wa Maulidi, wafanyabiashara waliokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Mwaka 2014 Mpeketoni, mji wa kaunti yetu upande wa bara, ikashambuliwa, watu kiasi cha 60 wakauawa. Amri ya kutotoka usiku ikafuata na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku, na mvuvi asiyevua usiku ni nusu mvuvi. Mataifa yakawaonya watu wao wasije. Tulipoanza kuinua kichwa, corona ikatua 2020. Wageni walipokatika, serikali ndiyo ikawa mgeni wetu. Ndiyo inayolala kwenye nyumba za wageni, ndiyo inayokodi boti, ndiyo inayokula biriani na kuchapisha mabango. Namshukuru mgeni huyo, alitutoa. Ila mgeni wa siku mbili tatu amekaa miaka, ameshika chumba kizuri, na halipi kwa wakati.

Naye ana majira yake. Julai na Agosti hamna kitu, mwaka wa fedha ndio kwanza umefunguliwa na pesa hazijafika. Ikikaribia Juni, kabla ya mwaka kufungwa tarehe 30, semina zinamiminika: za mazingira, za jinsia, za mabadiliko ya tabianchi, mbili kwa siku moja, ukumbi hauna nafasi. Juni ni maulidi yetu sisi wapishi. Nimewahi kuwaona watu walewale, nyuso zilezile, asubuhi kwenye semina moja na alasiri kwenye nyingine, wakitia sahihi kote kuwili. Sambusa zangu walizifunga kwenye tishu wakawapelekea watoto. Hilo halinikeri, mtoto na ale. Linalonikeri ni kwamba mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza semina ile ilimwacha nani na nini.

Sheria nzuri tunazo. Asilimia 30 ya tenda za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nilipoisikia mara ya kwanza nilipiga kigelegele. Sasa itazameni kwa miezi 14. Mmewafungulia mlango watu walewale wasioweza kungoja, kisha mkawaambia wangoje. Nawajua wanawake watatu wa hapa walioingia kwenye tenda pamoja nami. Mmoja amerudi kusuka makuti. Mmoja amefungiwa duka. Wa tatu hutumia jina la kampuni yake kwa niaba ya tajiri mmoja mwenye mtaji wa kungoja, naye hupewa chake kidogo. Kwenye takwimu zenu huyo wa tatu ni mwanamke aliyewezeshwa.

Na msidhani kuchelewesha ni bure kwenu. Siku hizi nikiombwa bei siandiki 1,100. Naandika 1,500, na ile 400 ni bei ya kungoja. Kila mtu anafanya hivyo: mwenye boti, fundi wa madawati, muuza saruji. Halafu mkaguzi anakuja kutoka Nairobi anashangaa kwa nini bei za kaunti ni ghali kuliko za sokoni. Sokoni watu hulipa, ndiyo sababu. Katikati ya 2024 kaunti zote kwa jumla zilikuwa zikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 180. Tupeni hata nusu ya hizo mwone biashara ndogo zitakavyoamka bila semina hata moja ya kuziamsha.

Nisijitoe. Kosa jingine ni langu mwenyewe.

Kabla ya kuingia kwenye semina nilikuwa napika achari ya maembe. Maembe yanatoka Mpeketoni, msimu ukikolea yanaoza chini ya miti kwa wingi wake. Niliyakata, nikayaanika juani kwenye dari, nikayatia pilipili na siki, nikajaza chupa. Binti ya dada yangu aliyeolewa Mombasa alikuwa akiziuza kule Majengo, na mwezi mzuri alinitumia elfu kumi na nane kwa M-Pesa, taslimu, hakuna faili. Ilipokuja LPO ya kwanza, laki mbili kwa siku tatu, nikaona achari ni mchezo wa watoto. Nikaacha. Chupa 200 tupu bado ziko chini ya kitanda changu. Wateja wa Majengo wamepata achari nyingine, na naambiwa inatoka Tanzania.

Ndivyo pesa ya serikali inavyoweza kuua biashara bila kumgusa mtu. Haikunikataza kuuza achari. Ilinionyesha tu njia fupi zaidi, nami nikaifuata, na njia ile ikaishia kwenye kaunta ya mhasibu. Mpwa wangu wa kiume naye yuko kwenye njia hiyohiyo. Ana diploma, ana mikono mizuri ya injini za boti, lakini kwa mwaka wa tatu anajitolea katika ofisi moja akitumaini nafasi itatangazwa. Kanuni za fedha za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti, kwa hivyo nafasi yenyewe sijui itapita tundu gani. Nikimwambia afungue gereji ya mashine za boti hunijibu, "Mama mdogo, biashara haina pensheni."

Sasa, kuna watu wakisikia maneno yangu watasema: basi tuiachie sekta binafsi. Ngojeni kwanza. Sekta binafsi tumeshaiona Amu, ilikuja na makaa ya mawe. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kule Kwasasi mtambo wa megawati 1,050, ikaitwa uwekezaji wa watu binafsi. Lakini ilikuwa na mkataba wa miaka 25 wa kuuza umeme wake kwa Kenya Power, yaani hasara ingetukalia sisi wenye mita. Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likaifuta leseni yake kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na watu wa hapa ndio waliopigania hilo. Mfanyabiashara mkubwa anayetembea na mkataba wa serikali mfukoni hana tofauti na mimi na LPO yangu. Tofauti ni kwamba yeye hulipwa.

Na bandari mpya ya Lamu? Mradi wenyewe ulizinduliwa 2012, gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021, na meli zinakuja. Sina ugomvi na bandari. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa bahari waliyopoteza. Wale walikuwa sekta binafsi pia. Walikuwa na mashua zao, nyavu zao na wateja wao, na hawakuwa wakimwomba mtu kitu. Serikali iliwatoa kwenye riziki iliyokuwa ikijiendesha, kisha ikawaweka kwenye foleni ya kungoja fidia. Kama mnatafuta jinsi utegemezi unavyotengenezwa, msiende mbali.

Ninachoomba ni hiki. Pesa ya umma ifanye kazi ambayo hata tuchange mji mzima hatuiwezi. Barafu, kwa mfano. Mvuvi wa Kizingitini akitoka baharini na kamba na samaki wake hana muda, jua linamhesabia. Asiyekuwa na barafu huuza kwa bei atakayotajiwa na mwenye barafu. Wekeni barafu ya uhakika, umeme usiokatika na gati ambayo mama mjamzito anaweza kuikanyaga bila kushikwa na watu wawili, halafu kaeni kando. Wanunuzi wa kamba watakuja wenyewe, wamekuwa wakija tangu bibi zetu. Mimi mwenyewe nikipata mahali pa pamoja pa kupikia, safi, palipokaguliwa, ili chupa yangu ipate alama ya ubora na iruhusiwe kukaa kwenye rafu ya supamaketi ya Mombasa, sitawaomba semina hata ya chai kavu.

Madeni nayo yabandikeni ukutani. Orodha moja, ofisini na sokoni: jina, kiasi, tarehe ya invoisi. Anayelipwa awe wa zamani zaidi, na katika wa zamani, mdogo kabla ya mkubwa. Haihitaji mshauri kutoka Nairobi, wala sistimu. Mimi ninayo ya namna hiyo kwenye daftari la watoto, na mzee wa nazi ndiye niliyemlipa mwanzo siku hela zilipoingia. Alizihesabu mara mbili, akanirudishia shilingi hamsini, akasema nilimzidishia.

Nanyi wa Hazina, mgao wa Julai uwe wa Julai. Mkishindwa, semeni mapema, mtu ajue asichukue nyama ya mkopo.

Juzi nimeletewa karatasi ya kuombwa bei tena, watu 40, siku mbili. Mada ni ujasiriamali. Nimewajibu kwamba bei yangu ni 1,100 ileile ya zamani, ila nusu iwe mezani kabla sijawasha jiko. Kijana aliyeleta karatasi akacheka, akadhani ni mzaha. Nilipomwona hasemi kitu nikampa mahamri mawili ya njiani, akanilipa shilingi ishirini palepale.

Jibu la karatasi bado halijarudi. Dari nimeifagia, na mwanangu nimemtuma Mpeketoni akaulize bei ya maembe.

Wenu,
Mpishi wa Langoni, Amu